Kutatua mafumbo ya chesi: mwongozo kwa aliyetokea kwenye drafti

Wengi ninaocheza nao chesi hapa Mtwara walianzia kwenye drafti. Utawajua tu: wanashusha kete kwa kishindo, wakipiga hesabu wanakuwa kimya, na hawaogopi kulisha. Mtu wa drafti anajua tangu utotoni kwamba unaweza kumpa mwenzako kete moja, akaila kwa sababu sheria haimpi hiari, nawe ukazoa tatu na kuingia kingi. Huo ndio moyo wa fumbo la chesi, kwa hiyo ukitokea huko umeshafika nusu ya njia.

Nusu iliyobaki ndiyo inayowasumbua. Kwenye chesi hakuna wa kumlazimisha mtu kula. Unamlisha malkia wako kwa madaha, naye anakutazama, anasogeza askari wake, anaendelea na kahawa. Kinacholazimisha kwenye chesi ni cheki. Mfalme akishikwa, mwenye mfalme ana njia tatu tu: akimbie, azibe katikati, au amle anayemshika. Mzee mmoja wa kijiweni Mikindani, bingwa wa drafti asiyegusa chesi, nilimweleza hivyo akanijibu, "Kwa hiyo cheki ndiyo lazima-ule yenu." Sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Mengi kati ya yanayofuata ni namna ya kulitumia neno la yule mzee.

Majina ninayotumia ni mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Thamani ni ile ya kawaida: askari 1, farasi na askofu 3, ngome 5, malkia 9. Herufi a hadi h zinahesabu mistari kutoka kushoto kwa Mweupe, na namba 1 hadi 8 zinahesabu safu kutoka upande wake kwenda juu.

Kwanza, tafuta ubao

Simu ina mafumbo chungu nzima, nami nitayafikia. Lakini anza na ubao wa kushika. Simu ina tabia mbaya: ukigusa kete ya uongo inakwambia hapo hapo kwamba umekosea, unajaribu nyingine, na ya tatu inakubali. Umepata alama ya kijani bila kufikiri chochote.

Ubao si gharama. Kwa fundi seremala hakosi kipande cha plaiwudi kilichobaki. Mwombe akukatie sentimita 40 kwa 40, uchore miraba ya sentimita 5, upake rangi miraba 32 na kuacha 32. Mraba wa kona ya kulia kwako, h1, uwe mweupe. Andika herufi na namba pembeni kwa markapeni. Ukikosa kete kamili, vizibo vya soda vinatosha: Mweupe avilaze uso juu, Mweusi uso chini, na kila kizibo kiandikwe jina lake. Ukipanga fumbo kete kwa kete, jicho lako limeshaanza kazi, maana umelazimika kujiuliza kila moja iko wapi.

Panga hili: Mweupe ana mfalme g2, ngome h1, farasi e5, askari a2, b2, f2 na g3. Mweusi ana mfalme g8, malkia d6, askari a7, b7 na g7. Zamu ya Mweupe. Usisogeze kitu.

Hatua ya kwanza: soma ubao kabla ya kuwaza ushindi

Hesabu mali. Mweupe ana 5, 3 na askari wanne, jumla 12. Mweusi ana 9 na askari watatu, jumla 12. Wako sawa.

Sasa mwendee mfalme wa adui, uhesabu milango yake mmoja mmoja. Mfalme wa g8 anaweza kwenda wapi? Kwenye g7 kuna askari wake mwenyewe. Kwenye f7 farasi wako wa e5 analinda. Mraba wa h7 na wa h8 inalindwa na ngome yako ya h1, maana mstari wote wa h uko wazi. Umebaki f8 peke yake. Mfalme mwenye mlango mmoja ni mfalme wa kutiliwa shaka, na hapo ndipo fumbo lilipo mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Halafu jiulize mwenzako anataka nini. Swali hili linarukwa na karibu kila anayeanza. Malkia wa d6 anamtazama farasi wa e5, na farasi hana mlinzi. Ukicheza polepole analiwa. Mchezaji wa kawaida hapa hukimbilia kumlinda farasi kwa kuleta ngome e1. Si kosa kubwa, ila ameuacha mchezo ambao alikuwa ameshashinda.

Hatua ya pili: cheki zote, kula zote, vitisho vyote

Kwa mpangilio huo huo, kila mara. Andika cheki zote ulizonazo, hata zinazoonekana za kijinga, hasa zinazoonekana za kijinga. Kisha andika kila kete unayoweza kula. Mwisho, hatua zinazotishia jambo kubwa.

Kwenye fumbo letu, farasi hana cheki yoyote. Ngome ina moja: h8. Ubao mzima una cheki moja tu. Vya kula hakuna. Basi hata kama inaonekana ni kuitupa ngome, cheki hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa kwanza, kwa sababu ndiyo pekee inayomnyima Mweusi hiari.

Pitia njia tatu. Akimbie? f8 imekufa, kwa kuwa mfalme akiondoka g8 ngome inaona safu yote ya 8. f7 na h7 bado zimelindwa. Azibe? Kati ya h8 na g8 hakuna nafasi. Ale? Ndiyo, mfalme anakula h8. Ni lazima-ule kweli kweli.

Sasa uangalie ubao mpya kichwani, mfalme akiwa h8. Tafuta cheki tena. Farasi f7! Anamshika mfalme wa h8 na malkia wa d6 kwa mpigo mmoja. Mfalme akiwa g8 alikuwa anailinda f7. Tulimvuta kona ili aiache. Atakwenda g8 au h7, farasi atamla malkia, na Mweusi atabaki na askari watatu dhidi ya farasi na askari wanne.

Mchoro huu ulishaamua mchezo wa ubingwa wa dunia. Moscow, mwaka 1966, mchezo wa 10 wa mechi yao, Tigran Petrosian alimweka malkia wake h8 mbele ya mfalme wa Boris Spassky. Spassky hakusubiri kuonyeshwa, alikubali kushindwa pale pale. Angekula, farasi angetua f7 kwa cheki na kumshika malkia wake aliyekuwa g5.

Hatua ya tatu: mpe mwenzako jibu lake bora

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo nitakapokaa kwa muda.

Panga: Mweupe mfalme g1, malkia c4, farasi g5, askari f2, g2, h2. Mweusi mfalme h8, malkia b2, ngome d8, askari a7, g7, h7. Zamu ya Mweupe.

Mali: Mweupe 15, Mweusi 17. Uko nyuma. Mlango wa mfalme mweusi: g8 tu, maana g7 na h7 zimezibwa na askari wake, na hata g8 malkia wako wa c4 anaulinda kwa mshazari. Na mwenzako anataka nini? Tazama ngome ya d8. Ikishuka d1 ni cheki, na mfalme wako mwenyewe amejifungia nyuma ya askari watatu. Kinga yako pekee ni malkia kuziba f1, ambako ataliwa. Kwa hiyo huna nafasi ya kucheza hatua moja ya starehe. Ukimpeleka malkia h4 kutishia h7, ngome inashuka d1 na mchezo umekwisha kwa chekimeti, yaani mfalme ameshikwa na zile njia tatu zote zimefungwa.

Orodhesha cheki. Zipo mbili: malkia g8 na farasi f7.

Kijana niliyemwekea fumbo hili aliruka kwenye kiti. "Mwalimu, malkia g8! Ngome inakula, farasi f7, chekimeti, mfalme kazibwa na watu wake mwenyewe!" Picha ya mwisho aliyoiona ni ya kweli kabisa. Lakini alimchagulia mwenzake jibu. Nani kasema atakula kwa ngome? Mfalme mwenyewe anakula g8, kwa sababu hakuna kete yako inayoulinda mraba ule, na wewe umebaki na farasi mmoja mkononi.

Kwa hiyo kanuni ni hii: kwenye kila cheki, kabla hujaenda mbele, taja kwa sauti majibu yote ya kisheria, na anza na lile linalokuchukiza. Watu wa drafti hili linawawia gumu, kwa kuwa kule anayekula mara nyingi ana njia moja au mbili, zote zinaonekana. Huku lazima uzitafute.

Ila usiitupe ile picha nzuri kwa sababu mpangilio wake ni mbovu. Jiulize kinachokosekana: mlinzi wa g8. Farasi anaweza kuulinda g8 akiwa wapi? Akiwa h6. Anafikaje h6 bila kumpa Mweusi nafasi ya kushusha ngome? Kwa cheki.

Farasi f7, cheki. Hakuna kete nyeusi inayofika f7, na cheki ya farasi haizibwi. Mfalme anakwenda g8, maana farasi sasa amemziba malkia wako, na hana kwingine. Simama hapo kidogo. Farasi wa f7 anaigusa pia ngome ya d8, na akimla, malkia wako wa c4 anafunuka na kumshika mfalme. Ngome ya bure! Wengi wanaishia hapo wakiwa wameridhika. Mimi nasema ukipata hatua nzuri iweke mfukoni, tafuta iliyo bora.

Farasi h6. Sasa mfalme ameshikwa na wawili, farasi wa h6 na malkia aliyefunuka kutoka c4. Cheki ya wawili ndiyo nguvu kubwa kuliko zote kwenye chesi: huwezi kuwala wote wawili kwa mkono mmoja, wala kuwaziba wote. Askari wa g7 anamwona farasi wa h6 puani pake na hana la kufanya. Kati ya njia tatu imebaki ya kukimbia. Akienda f8, malkia f7 ni chekimeti, akilindwa na farasi. Akirudi h8, ndipo malkia anakwenda g8. Mfalme hawezi kumla sasa, farasi wa h6 analinda. Ngome inalazimika kula, na inapotua g8 inauziba mlango wa mwisho wa bwana wake. Farasi f7, chekimeti.

Ni mchoro wa zamani sana. Mhispania Lucena aliuchapisha mwaka 1497, na bado kila wiki kuna mtu mahali fulani anaumia nao.

Hatua ya nne: laiti isingekuwepo

Mara nyingine cheki zimekwisha na huoni njia. Basi anzia mwisho, uje nyuma. Piga picha ya chekimeti unayoitaka, kisha uulize ni kete gani inayoizuia.

Mfano bora wa hili ulitoka Paris mwaka 1858, ndani ya jumba la opera. Paul Morphy, Mmarekani wa New Orleans mwenye miaka 21, alicheza na watu wawili walioshauriana dhidi yake, Duki wa Brunswick na Count Isouard, wote makabaila. Walifika hapa: Mweupe mfalme c1, malkia b3, ngome d1, askofu g5, askari a2, b2, c2, e4, f2, g2, h2. Mweusi mfalme e8, malkia e6, ngome h8, askofu f8, farasi d7, askari a7, e5, f7, g7, h7. Zamu ya Morphy.

Malkia wameshikana kwenye mshazari, b3 na e6, na mkono unawasha kubadilishana. Tulia. Milango ya mfalme wa e8: e7 inalindwa na askofu wa g5, na d8 pia, kwa mshazari huo huo. f7 na f8 amejiziba. Laiti farasi wa d7 asingekuwepo, ngome ingepanda d8 ikilindwa na askofu, na ingekuwa chekimeti. Basi swali limekuwa dogo: nitamtoaje farasi d7, na kwa cheki? Kwa kumpa cha kula. Malkia b8! Mfalme hana pa kukimbilia, c8 na d8 hakuna wa kuziba, na malkia mweusi hawezi kufika c8 kwa kuwa farasi wake mwenyewe yuko d7 njiani. Farasi anakula b8. Ngome d8, chekimeti.

Morphy alibaki na ngome na askofu tu, zaidi ya askari. Mweusi alikuwa na malkia, ngome, askofu na farasi, na vyote havikumsaidia.

Hatua ya tano: libadilishe fumbo

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na sioni watu wakiifanya. Ukishalitatua fumbo, sogeza kete moja mraba mmoja, ulitatue upya.

Chukua jepesi. Mweupe mfalme g1, malkia e4, ngome e1, askari f2, g2, h2. Mweusi mfalme g8, malkia b2, ngome d8, askari a7, f7, g7, h7. Malkia e8 cheki, ngome inakula, ngome inakula, chekimeti kwenye safu ya 8. Mtoto wa darasa la nne analiona.

Sasa msogeze askari wa h7 hadi h6. Cheza vile vile kichwani. Malkia e8, ngome inakula, ngome inakula, na mfalme anatoka taratibu kwenda h7. Umebaki na ngome dhidi ya malkia. Askari mmoja, mraba mmoja, na kombinesheni imegeuka kuwa ajali. Anayekariri picha bila kuhesabu milango hulipia hapo.

Mazoezi ya kila siku

Mafumbo matano kwa siku yaliyoandikwa kwenye daftari yanazidi hamsini ya kubonyeza. Andika mlolongo wote, pamoja na majibu ya Mweusi, ndipo ugeuze ukurasa au uguse simu. Ukiandika hatua ya kwanza tu, umebahatisha. Dakika tano zikipita hujaona kitu kwenye fumbo la kiwango chako, angalia jibu, kisha panga fumbo lile lile kesho yake. Kiwango kinachofaa, kwa maoni yangu, ni kile unachopata saba au nane kati ya kumi.

Kurudia si uvivu. Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, nchini Marekani, walichapisha utafiti ambamo wachezaji walionyeshwa ubao kwa sekunde chache, kisha wakautengeneza kwa kumbukumbu. Mabingwa waliwaacha wanaoanza mbali sana pale kete zilipotoka kwenye mchezo wa kweli. Zilipotawanywa ovyo, ubora huo ulikaribia kutoweka. Kumbe bingwa hana kichwa kikubwa cha kukariri, ana akiba ya michoro. Ndiyo maana mafumbo mia yaliyorudiwa mara tatu yanafaa kuliko mia tatu yaliyopitwa mara moja, na ndiyo maana ni vizuri kukaa wiki nzima kwenye mbinu moja, tuseme farasi wa kushika wawili, kabla ya kuhamia nyingine.

Kwa simu, Lichess ni bure kabisa na haina matangazo. Mfaransa Thibault Duplessis aliianzisha mwaka 2010. Mafumbo yake yamepangwa kwa mbinu, na programu yake ya simu huhifadhi baadhi ili uyatatue bando likiisha. Safari ya basi kutoka stendi ya Mkanaledi hapa Mtwara hadi Lindi inatosha kabisa kwa mafumbo yako matano na usingizi juu yake. Msimu wa korosho sikudai hata hayo matano. Najua watu wanalala kwenye maghala.

Kwenye mchezo wa kweli hakuna wa kukunong'oneza

Fumbo linakuja na tangazo: zamu ya Mweupe, ashinde. Kijiweni hakuna tangazo hilo. Kwa hiyo jizoeze kusimama unapoona dalili. Mimi natazama tatu: mfalme mwenye mlango mmoja au asiye nao, kete isiyo na mlinzi, na kete yenye kazi mbili, kama mfalme wa g8 aliyelinda f7 huku akilazimika kula h8, au farasi wa d7 aliyezuia mstari huku akilinda b8. Ukiona moja, hesabu cheki zako. Ukiona mbili kwa pamoja, usicheze hatua yoyote mpaka umezimaliza, hata wanaokuzunguka wakianza kupiga miluzi na kukuambia "cheza, kaka!"

Na fanya hivyo kwa pande zote mbili. Rudi kwenye fumbo la Lucena, umtoe malkia mweusi b2 na kumweka b7. Kete nyingine zote zibaki zilivyo, zamu ya Mweupe. Farasi f7 cheki, malkia anakula f7, nawe sasa unaweza kumla malkia kwa malkia wako wa c4. Kabla ya kumla, tazama mfalme wako wa g1 na ngome ya d8, uandike kwenye daftari kitakachofuata.